Nilivyonenepa Baada ya Kuanza Kupumua

Kama umepewa mashine ya kupumulia usingizini, na mwezi wa tatu umekuta suruali zako zimegoma kufunga, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari, ni dereva. Nitasema yaliyonipata, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaficha, kwa sababu nikiyaficha hutaelewa kwa nini nilifanya upumbavu nilioufanya.

Naitwa Shabani. Nina miaka hamsini na mmoja, kwangu ni Kilwa Masoko, na kwa miaka kumi na minne nimeendesha gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya wilayani kwetu. Ni mtu wa mwili mkubwa tangu ujana, shingo nene, na mkoromo ambao majirani walikuwa wanautania. Mke wangu Somoe hakuwa anatania. Miaka minne kabla ya haya yote alihamia chumba cha watoto. Nilidhani amekimbia kelele.

"Kelele nimezizoea," aliniambia. "Nakimbia kimya. Unakoroma, halafu unanyamaza, nami nakaa nahesabu. Nafika ishirini, nafika thelathini, ndipo unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Siwezi kuhesabu maisha yangu yote, Baba Rukia."

Nilicheka. Nilikuwa naamka na kichwa kinauma, mdomo mkavu kama nimelamba mchanga, nikanywa kahawa chungu vikombe vitatu na kwenda kazini. Msikitini nilikuwa nasinzia kwenye sijida hadi mtu wa pembeni ananigusa. Barabarani nilikuwa nasimama kila baada ya mwendo fulani, namwaga maji kichwani, naendelea. Nilijiambia ni umri. Nilijiambia kila dereva yuko hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kuvuna ufuta. Tulitoka upande wa Kikole saa nane mchana, nyuma yuko mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umekwama tangu asubuhi, pamoja na mkwe wake, mama mtu mzima, na muuguzi wetu, Sista Rehema. Barabara ilikuwa kavu, hakuna gari mbele wala nyuma. Nakumbuka mkorosho mmoja mwembamba uliopinda kandoni mwa njia. Baada ya mkorosho ule sikumbuki kitu.

Niliamshwa na sauti ya vitu vikivunjika kwa wingi, kama moto kwenye nyasi kavu. Vilikuwa vicha vya ufuta. Wenye shamba walikuwa wamevisimamisha vikauke, nasi tulikuwa tunapita katikati yake. Gari likaenda upande mmoja, likagonga kichuguu, likasimama limeinama.

"Shabani! Fungua mlango! Shabani!"

Nilifungua. Sista Rehema alikuwa amebanwa kwenye kona, mkono wake wa kulia unaning'inia, bega limeshuka mahali ambapo bega halishuki. Yule mama mjamzito alikuwa amemng'ang'ania mkwe wake shingoni akipiga kelele kwamba anakuja, mtoto anakuja. Na kweli alikuwa anakuja. Lile tuliloshindwa tangu asubuhi lilikuwa linatokea pale, ndani ya gari lililoinama.

Rehema hakujishika bega. Alijisogeza kwa magoti, akamwelekeza yule mkwe kwa mkono wa kushoto. "Mama, weka mikono hapa. Usivute. Pokea tu. Mwanangu, sukuma. Sasa acha. Mama, pokea."

Mimi nilishika khanga mlangoni iwe pazia. Mtoto alitoka wa rangi ya majivu, kimya.

"Msugue mgongo," Rehema akasema. "Sugua, mama, usimwogope. Sugua!"

Nilijikuta nahesabu. Nilifika kumi na saba, mtoto akakohoa, akalia.

Watu wa shamba walikuwa wamefika mbio. Mmoja akaniuliza, "Dereva, imekuwaje?"

"Mbuzi," nikasema. "Mbuzi amekatiza."

Sikupanga kulisema. Lilitoka lenyewe, likakaa. Sista Rehema alikuwa ameketi chini ameegemea tairi, jasho linamtiririka, mtu anamfunga mkono kwa mtandio. Aliniangalia muda mrefu.

Mama na mtoto walifika hospitali salama wote wawili. Mfupa wa bega la Rehema ulikuwa umevunjika. Mimi nilikuwa na mchubuko wa kidevu, na mbuzi wangu.

Kituoni mganga mfawidhi aliniandikia mapumziko, akasema nitapimwa kabla ya kurudi barabarani. Pengine ningepimwa macho na presha, ningerudi. Ila Somoe alivaa baibui lake, akaenda mwenyewe ofisini kwa mfawidhi bila kuniaga, akamweleza habari ya kimya. Jioni nilipojua niliwaka.

"Umenimaliza," nilimwambia. "Umeniondoa kazini kwa mdomo wako."

"Afadhali nikuondoe kazini," akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Kuna wanaoondolewa duniani."

Hatukusemeshana siku nne. Ndani ya siku hizo nne mfawidhi aliandika barua, na baada ya wiki chache nilikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki ya usingizi. Nisiache kusema juu ya chumba kile. Tulikuwa wanaume sita na mama mmoja, saa tatu asubuhi, na watano kati yetu tulikuwa tumelala, videvu vifuani. Muuguzi alikuwa akiita jina mara tatu, halafu anakuja kutikisa bega. Wake na watoto waliotusindikiza walikuwa wanaangaliana bila kusema, kama watu waliogundua kwamba wanatoka kijiji kimoja. Mpaka siku ile nilikuwa najiona niko peke yangu.

Walinifunga mikanda kifuani na kidude kidoleni, nikalala hapo hapo hospitalini. Majibu yalikuwa mafupi: pumzi yangu inakatika usingizini, tena mara nyingi, na inakatika muda mrefu. Nikaambiwa nahitaji mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Ndugu walichangishana, mashine ikapatikana, na mwangalizi wangu akawa daktari mmoja mwanamke wa Lindi, ambaye hapa nitamwita Daktari Neema.

Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Barakoa ilinichora mashavu, hewa ilinijaa tumboni, nikawa nacheua hadi adhuhuri. Umeme ukikatika nilishtuka nimefunikwa uso, natafuta mahali pa kufungua. Wiki ya pili nilizoea kidogo. Wiki ya tatu, asubuhi moja, niliamka nikakaa kitandani nikisubiri kichwa kianze kuuma. Hakikuuma. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia Somoe anakuna nazi uani, nikaona dirisha na mwanga wake. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama mtu amenifuta macho kwa kitambaa safi. Nilitoka nikamkuta mke wangu, nikamwambia, "Mama Rukia, nimelala."

Aliacha kukuna nazi. Siku hiyo hiyo alirudisha mto wake chumbani.

Hiyo ilikuwa wakati korosho zinaanza kuanguka. Kuanzia hapo nilikuwa mtu mpya, na mtu mpya alikuwa na njaa. Sina hakika kama ni njaa au ni furaha. Zamani nilikuwa nakula huku nasinzia; sasa chakula kilikuwa na ladha. Vitumbua asubuhi, muhogo wa nazi saa nne, ubwabwa mchana, na sikuwa na kazi ya kufanya zaidi ya kukaa kibarazani nikisubiri barua ya kurudi barabarani. Watu walinisifu. Kwetu mtu akinenepa hupewa pongezi. "Umependeza, Shabani! Ugonjwa gani huu unaompendezesha mtu?" Nilipokea pongezi hizo vizuri mpaka Ijumaa moja nilipoinua mikono kuvaa kanzu, na mshono wa kwapani ukaachia.

Mvua za vuli zilipokuwa zinaisha nilikwenda Lindi kwa uchunguzi wa kwanza. Kabla ya mashine nilikuwa kilo mia na nne. Muuguzi alinipandisha mizani, akanishusha, akakagua mizani yenyewe, akanipandisha tena. Mia na kumi na mbili.

Daktari Neema alisoma kwanza kadi ya mashine. Ndani ya mashine kuna kikadi kinachoandika saa ulizoivaa, hakidanganyi. "Unaitumia vizuri sana, Mzee Shabani. Hongera. Ila uzito huu haunifurahishi, na presha imepanda. Punguza sahani, tembea kila siku. Habari ya kuendesha tutaiongea baada ya Idd."

Alisema mambo mengi. Mimi nilisikia moja: uzito. Nilisikia kwamba uzito ndio unaonizuia kurudi kwenye usukani.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu Mfaume kibarazani. Nikamweleza. Mfaume ni fundi wa pampu, na kila kitu duniani anakifahamu kwa pampu.

"Wewe unajazwa hewa kila usiku kwa saa saba au nane," akasema, "halafu unauliza kwa nini umevimba?"

"Hewa haina kilo, kaka."

"Kabla ya mashine ulikuwa ngapi? Baada ya mashine ngapi? Basi. Hesabu hiyo inataka daktari?"

Nilimcheka, lakini maneno yale yaliingia. Nilianza kuitazama mashine vibaya. Nilijitazama tumbo kwenye kioo cha kabati nikaliona la mashine, si langu. Nikafikiri: nilikuwa mia na nne na nikiendesha. Nikirudi mia na nne nitaendesha. Siku chache kabla ya mwezi wa Shaabani kuisha, niliifungasha mashine kwenye begi lake nikaliweka juu ya kabati.

"Mbona hivyo?" Somoe akauliza.

"Daktari kasema niipumzishe. Wiki sita."

Huo ulikuwa uongo wa pili, baada ya ule wa mbuzi. Alinitazama, akakubali, kwa sababu daktari kasema.

Ramadhani ilinifaa kwa ujanja wangu. Nilifuturu tende tatu na uji mwembamba, daku nilikunywa maji, na hakuna aliyeshangaa mtu kupungua mwezi ule. Suruali zikaanza kulegea. Lakini kichwa kilirudi kuuma. Mdomo ukarudi kukauka. Nilisinzia nikiwa nimeshika msahafu. Kila niliyemweleza alisema ni saumu, nami nikajiambia ni saumu.

Somoe ndiye hakusema ni saumu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye kiti pembeni mwa kitanda, macho mekundu.

"Hukulala?"

"Umerudi kule," akasema.

"Kule wapi?"

"Kwenye kimya. Jana nilifika arobaini na moja." Akanigeukia. "Una hakika daktari kasema hivyo?"

"Nina hakika."

Wiki moja baada ya Idd nilikwenda Lindi. Niliondoka nyumbani sijala tangu jana yake. Mizani ilisema mia na tano, na muuguzi yule yule akanipigia makofi. Presha ilikuwa bado juu, lakini nilikuwa na jibu: safari, joto. Daktari Neema akaomba kadi.

"Imepata hitilafu, daktari. Fundi anaitazama."

"Unaivaa kila siku?"

"Kila siku."

"Unasinzia mchana?"

"Hapana."

Alizungusha kalamu vidoleni. Naona hata sasa jinsi alivyokuwa akinipima. Mwisho akasema, "Nakuamini. Lakini kadi hiyo niletewe ndani ya wiki mbili, bila hivyo barua hii haina nguvu." Akaandika. Nilisoma kichwa chini, miguu juu, kutoka ng'ambo ya meza: anafaa kuendesha. Akaniambia nikagongeshe muhuri dirisha la masjala, wataniita kwa jina.

Nilitoka nikampigia Somoe simu. Alipiga kigelegele kwenye simu. Nikampigia mfawidhi, akasema vizuri sana, Jumatatu njoo uchukue funguo. Kisha nikakaa kwenye benchi, barua mkononi, nikisubiri jina langu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa. Kushoto kwangu alikaa msichana mwenye mtoto mgongoni, kulia mzee mwenye mkongojo.

Nilipofumbua macho benchi lilikuwa tupu.

Mhudumu wa usafi alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika fagio la maji kwa mikono miwili, ameliweka kifuani. Mama wa makamo. Uso wake ulikuwa umetoka rangi.

"Baba," akasema, "wamekuita mpaka wamechoka. Nimekutikisa, hukuamka. Ulikuwa unakoroma, mara kimya. Kimya kabisa. Nilikuwa naenda kumwita mtu."

Nilitazama chini. Barua ilikuwa sakafuni, imelowa pembe moja kwa maji ya kupigia deki. *Anafaa kuendesha.*

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro. Sikuwa nimefumba macho kwa kutaka. Sikuhisi usingizi unakuja. Ilikuwa kama ule mkorosho: hapa upo, halafu haupo, na katikati hakuna kitu. Nikaiona Jumatatu. Nikaona funguo, nikaona njia ya Kikole, na mama mwingine nyuma, na mkwe mwingine. Vicha vya ufuta vya kutupunguzia mwendo visingekuwepo kila mahali.

Niliiokota barua. Niligonga mlango wa Daktari Neema bila kusubiri foleni. Alikuwa na mgonjwa. Akaniona uso, akamwomba mgonjwa atupishe kidogo.

"Kadi haijaharibika," nikasema. "Sijaivaa mashine tangu kabla ya Ramadhani. Nasinzia. Nimelala hapo nje saa mbili kasoro, wameshindwa kuniamsha."

Aliweka kalamu chini.

"Na hakukuwa na mbuzi," nikaendelea. Hakuwa anajua habari ya mbuzi, ikabidi nimweleze yote: Kikole, ufuta, mtoto, bega la Rehema. Nilieleza nimesimama, barua iliyolowa mkononi. Nilipomaliza niliiweka mezani kwake.

Aliichukua, akaipasua katikati, akaitia kwenye ndoo ya taka. Kisha akaniambia nikae.

"Kwa nini uliacha?"

"Inaninenepesha."

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Sikuwa nimejiandaa kwa "ndiyo".

"Si wote, lakini wapo wanaoongezeka wakianza, na wewe ni mmoja wao. Mwili wako ulikuwa unahangaika usiku kucha kutafuta pumzi, kama mtu anayekimbia. Sasa umepumzika, hukimbii tena. Lakini sahani imebaki ya mtu anayekimbia. Tena naona imeongezeka."

"Kwa hiyo si hewa?"

"Hewa gani?"

Nikamweleza ya Mfaume. Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, lakini hakucheka sana. Akaegemea mbele. "Mzee Shabani, uzito nitapambana nao pamoja nawe mwaka mzima, miaka miwili, sina haraka. Lakini ni lazima uwe unapumua. Usiniletee kilo mia moja na tano za mtu asiyepumua."

Nyumbani nilimkuta Somoe amepika pilau la kunipongeza. Nilimweleza kabla sijavua viatu. Hakupiga kelele. Alichukua ngazi fupi, akashusha begi juu ya kabati, akafuta vumbi, akachomeka waya ukutani, akaosha barakoa kwa sabuni. Alipomaliza ndipo akaanza kulia, amenipa mgongo.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita nimehesabu kwa sababu daktari kasema."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kuikausha barakoa.

Kwa Sista Rehema nilikwenda Jumapili. Alikuwa amesharudi kazini, lakini mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya bega, na khanga anajifunga kwa mkono mmoja. Nilimkuta kwake anaanika nguo, zile za juu akimwachia mwanawe wa kike.

"Sista, hakukuwa na mbuzi."

"Najua," akasema. "Kuna kidirisha kati ya nyuma na mbele. Niliona kichwa chako kinaanguka. Nilipiga kile kioo. Hukusikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nilingoja mwezi, nikangoja wa pili. Baadaye nikasikia Jumatatu unapewa funguo." Akatundika soksi, akaibana. "Leo hii nilikuwa nimeshaandika barua, Kaka Shabani. Iko ndani. Ningeipeleka kesho asubuhi."

"Samahani, Sista."

"Nimekusikia," akasema. "Hilo la samahani bado sijafika. Nenda kamwambie mfawidhi mwenyewe."

Nilikwenda. Nilipewa onyo kwa maandishi na nikaambiwa kazi yangu kwa sasa ni stoo, kupanga maboksi ya dawa na kuandika yanayoingia na yanayotoka. Nilikaa stoo masika yote. Gari la wagonjwa lilikuwa likitoka uani na kijana mwingine kwenye usukani, nami nikisikia injini najua gia ipi ameikosea.

Mashine niliivaa. Wiki ya pili kichwa kikaacha kuuma, na uzito ukaanza kupanda. Nilitarajia, lakini kutarajia hakupunguzi maumivu ya kuona. Mia na saba. Mia na tisa. Nilikuwa najipima kila asubuhi hadi Somoe akaichukua mizani akampa jirani, akaniambia nitapimwa Lindi tu. Alibadilisha chungu chake pia, na hilo halikuwa jambo dogo kwa mwanamke wa pwani: tui la kwanza aliliacha, akapika kwa la pili, samaki akamchoma badala ya kumkaanga, sukari ya chai akaiweka yeye mwenyewe, kijiko kimoja, kisha kopo analirudisha chumbani. Tuligombana kuhusu kopo lile kama watoto. Mara moja alinikuta natia kidole.

Na tukatembea. Baada ya swala ya alfajiri, yeye na mimi, mpaka kiwanja cha ndege na kurudi. Mwanzo nilikuwa nasimama mara tano, magoti yananiuma, Somoe ananisubiri mbele bila kugeuka ili nisione aibu. Hatukuwa tumetembea pamoja hivyo tangu siku za uchumba. Kuna asubuhi tulirudi tumezungumza mambo ambayo miaka minne ya vyumba viwili ilikuwa imeyafungia.

Msimu wa ufuta mwingine ulipofika nilikuwa mia na kumi. Korosho zilipoanza, mia na saba. Daktari Neema anasoma kadi kwanza, mizani baadaye, na anaipima shingo yangu kwa utepe kama fundi cherehani. Presha imeshuka. Alipoandika barua ya pili, alinikalisha kwanza saa nzima mbele ya muuguzi, kwenye chumba chenye joto, sina simu wala gazeti, nione kama nitasinzia. Sikusinzia. Nilihesabu vigae vya sakafu.

Kituoni waliniruhusu kuendesha kwa masharti: dawa na vifaa tu kwa miezi mitatu, na kadi ya mashine naipeleka kwa mfawidhi kila mwisho wa mwezi. Miezi hiyo imekwisha. Wiki iliyopita nilichukua mgonjwa wa kwanza. Sista Rehema alikuwa zamu. Alifungua mlango wa nyuma, akamwingiza mgonjwa, halafu badala ya kupanda nyuma akazunguka akakaa mbele, pembeni yangu. Mgonjwa alikuwa na ndugu wawili wa kumwangalia. Njia nzima alinitazama mimi, si barabara. Tulipofika akashuka, akasema, "Sawa." Nimeipokea hiyo sawa kama ilivyo.

Leo bado nina kilo mia na sita. Ni mbili zaidi ya siku niliyoianza mashine, na huenda zisiondoke. Nimeshona kanzu mbili mpya.

Juzi nilikuwa Lindi kwa uchunguzi. Kwenye benchi alikaa bwana mmoja kutoka Mtama, mdogo kwangu, mwili kama wangu, na mkewe. Alikuwa amepakata begi la mashine, jipya, bado lina karatasi ya nailoni. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaona alama ya barakoa kwenye mashavu yangu.

"Kaka, na wewe unayo?"

"Ninayo."

Akapunguza sauti, mkewe asisikie. "Naambiwa inanenepesha. Ni kweli?"

"Mimi ilininenepesha. Kilo nane."

Alilitazama lile begi kwa namna niliyoifahamu. Vidole vikaanza kulisukuma mbali na tumbo lake, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani.

"Sasa ukafanyaje?"

"Niliiacha," nikasema. "Nikakaribia kuua mtu. Nikairudia. Sasa naivaa, halafu asubuhi natembea na mke wangu."

Alikuwa bado anafikiri cha kunijibu wakati mkewe, ambaye kumbe alikuwa amesikia kila neno, alipolichukua begi kutoka magotini mwake, akalipakata yeye.